Mgeni na Mwenyeji Wake: Jinsi Wasafiri Walivyopata Amani katika Njia ya Pwani na Maziwa Makuu

Nyingi katika jamaa za Kiislamu zilizo kando ya Maziwa Makuu, tangu Ujiji na Uvira hata Rumonge na Kampala, zina masimulizi ya babu aliyefika kwa miguu kutoka pwani. Masimulizi hayo husifu moyo wa babu huyo, bunduki yake na wingi wa mizigo yake. Ni mara chache kueleza mambo ambayo mtu mwenye akili angeyauliza kwanza. Alilala kwa nani? Nani alimwonyesha kisima? Nani alimpa ruhusa kupita katika nchi isiyokuwa yake, ambako hapakuwa na mtu aliyemjua baba yake, wala kadhi wa kumpelekea mashtaka? Bila ya kuyajua hayo, msomaji aweza kudhani kwamba wazee wale walifika kwa nguvu zao peke yao. Hasha. Walifika kwa sababu walipokewa, na pale ambapo hawakupokewa hawakufika.

Njia yenyewe ilianza Bagamoyo, mkabala wa Unguja. Ilipanda Usagara hata Mpwapwa, ikaikata nchi ya Ugogo, ikapita pori la Mgunda Mkali, ikatua Unyanyembe palipo mji wa Tabora, ambao wasafiri wa kwanza waliuita Kaze. Hapo njia iligawanyika. Mmoja ulikwenda magharibi hata Ujiji, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, na kutoka huko watu walivuka kwa mitumbwi na majahazi. Wa pili ulikwenda kaskazini hata Karagwe na Buganda. Toka pwani hata Ujiji kwa miguu ni zaidi ya kilomita 1,200. Burton na Speke, Waingereza wawili, waliondoka Kaole karibu na Bagamoyo mwezi wa Juni 1857, wakaingia Kaze Novemba 7, na Ujiji wakaiona Februari 13, 1858. Wala Wazungu hao hawakuifungua njia hiyo, kama watoto walivyofundishwa katika vitabu fulani. Walipita palipokwisha kukanyagwa na Wanyamwezi walioshuka pwani na pembe zao, na baada yao Waarabu na Waswahili. Ahmad bin Ibrahim alikuwa amekwisha fika mbele ya Kabaka Suna wa Buganda mwaka 1844.

Jambo la kwanza katika usalama wa msafiri lilikuwa kutokwenda peke yake. Mtume (S.A.W.) aliwaelekeza watu watatu watokao safarini wamfanye mmoja wao kuwa amiri, na njia ya bara ilionyesha hekima ya neno hilo kila siku. Mtu mwenye mizigo michache hakuthubutu kutoka. Alingoja Bagamoyo hata ukusanyike msafara mkubwa, akafuatana nao na kutii amri ya mkuu wake. Mbele alikwenda kirangozi, aghalabu Mnyamwezi aliyeijua njia, amevaa nguo nyekundu na manyoya kichwani, na bendera nyekundu ya Unguja mkononi. Mtu hakuruhusiwa kumtangulia kirangozi. Aliyemtangulia alitozwa faini. Nyuma kabisa walikwenda wanyapara wenye bunduki, kwa kuwa hatari ya njia haikuwa mbele, ilikuwa nyuma, kwa yule aliyechoka akaketi chini ya mti kidogo, hata wenzake wakapotea machoni. Wengi waliouawa katika njia ile waliuawa hivyo, wakiwa mmoja mmoja. Jioni, ikiwa hawakufika kijijini, walikata miti ya miiba wakazungushia boma, wakawasha moto, wakaweka zamu. Swala walizipunguza na kuzikusanya kama sharia inavyomruhusu msafiri, na aliyekutwa na Ramadhani njiani alikuwa na rukhsa ya kufungua na kulipa siku nyingine.

Jambo la pili lilikuwa mzigo wenyewe. Riale ya fedha haikuwa na kazi kubwa barani. Fedha ya njia ilikuwa nguo, ushanga na waya wa shaba. Mpagazi mmoja alijitwika kadiri ya frasila mbili, yaani zaidi ya kilo 30, na sehemu kubwa ya mizigo ile haikuwa biashara, ilikuwa gharama ya kwenda. Nguo zilizojulikana zaidi ni merikani, iliyoitwa hivyo kwa sababu ilifumwa katika viwanda vya Marekani, na kaniki, iliyotoka Bara Hindi. Zilipimwa kwa mikono: shuka ni mikono minne, doti ni mikono minane. Posho ya watu ilitolewa kwa nguo, chakula kilinunuliwa kwa nguo, na katika Ugogo hata maji ya kunywa yalilipiwa nguo. Ushanga ulikuwa wa namna nyingi, na kila nchi ilipenda rangi yake. Aliyekosea rangi tangu Unguja alijikuta barani kama mtu aliyebeba noti za dola nyingine, ana mali na ana njaa.

Katika gharama zote, iliyolalamikiwa zaidi ni hongo. Mtemi wa kila nchi alidai sehemu yake kwa msafara upitao, na Ugogo ndiyo iliyosifika kwa jambo hilo, maana hapakuwa na njia nyingine nyepesi wala maji mengi ya kumwezesha mtu kuikwepa. Msafara ulisimama siku kadhaa, wajumbe wakaenda na kurudi, doti zikahesabiwa, zikakataliwa, zikaongezwa, hata ngoma ikalia kutangaza kwamba wageni wamelipa na wana ruhusa kupita. Vitabu vya Wazungu, na masimulizi ya Waarabu vile vile, huiita hongo unyang'anyi. Neno hilo si la haki. Wafanya biashara wale wale walipoleta bidhaa Unguja walilipa asilimia tano katika forodha ya Seyyid, wala hawakumwita Seyyid mnyang'anyi. Mgogo alikuwa na nchi yake, visima alivichimba yeye, na msafara wa watu mia kadhaa ulikunywa kisima hata kukauka. Tena aliyelipa hongo alipata kitu: kuanzia saa ile alikuwa mgeni wa mtemi, na aliyemgusa mgeni wa mtemi amemgusa mtemi mwenyewe. Ni kweli kwamba walikuwako watemi walafi, waliotoza mara tatu pale palipostahili mara moja. Stanley alipopita Uha mwaka 1871, kila alipomaliza kulipa alikuta mbele yake mkubwa mwingine anadai, hata akaona nguo zitakwisha kabla hajafika Ujiji. Akamlipa mtu aijuaye nchi, na watu wake wote wakatoka usiku wa manane kimya kimya, wakaiacha njia kuu na kushika pori. Walifika salama. Lakini msafara wa namna hiyo ulipita mara moja tu. Mfanya biashara aliyekusudia kurudi mwaka wa pili hakuweza kufanya hila ile.

Baada ya pori na hongo, ndipo msafiri alipofika kwa mwenyeji. Hapa ndipo palipokuwa kiini cha usalama wote. Katika Kaze alikuwako Sheikh Snay bin Amir, Mwarabu wa Oman, aliyekuwa amepata kufika Buganda mwaka 1852. Burton na Speke walipoingia mji ule, wamedhoofika kwa homa, wana barua za Unguja lakini hawana jamaa hata mmoja, Snay aliwapa nyumba, akawaletea chakula, akawatafutia wapagazi wapya badala ya wale waliokwisha maliza ahadi yao, na akawaeleza habari za nchi za mbele, lugha zao, masafa yao na tabia za wafalme wao. Mengi ambayo Burton aliyaandika baadaye juu ya nchi za kaskazini, ambako yeye hakukanyaga, aliyapata katika baraza ya Snay. Mgeni ana haki ya siku tatu katika mafundisho ya dini, na Waswahili nao wana methali yao kali juu ya siku ya tatu na jembe. Lakini Tabora mgeni alikaa miezi, kwa sababu vita au mvua zilifunga njia, na wenyeji waliendelea kumlisha. Haikuwa ukarimu mtupu, lazima isemwe. Mwenyeji alinunua pembe kwa mgeni, akamkopesha nguo kwa faida, akatuma barua zake pamoja naye. Hayo hayaharibu fadhila. Ukarimu uliofungamana na maslahi ya pande zote mbili huenda ndio uliodumu zaidi.

Upande wa kaskazini mambo yalikuwa ya namna nyingine, maana huko palikuwa na wafalme wenye nguvu, na mgeni hakuingia kwa kulipa tu, aliingia kwa idhini. Aliyetaka kwenda Buganda alisimama Karagwe. Waarabu walikuwa na kituo chao Kafuro, karibu na makao ya mfalme, na hapo mgeni alingoja hata habari zake zifike kwa Kabaka na majibu yarudi. Mfalme Rumanika wa Karagwe alisifiwa na kila aliyepita kwa upole wake. Speke na mwenziwe Grant walifika kwake Novemba 1861. Grant aliugua mguu hata hakuweza kusimama, na Speke alipoitwa na Kabaka Mutesa mwezi wa Januari 1862, ilimlazimu kumwacha mwenziwe mgonjwa mikononi mwa Rumanika. Grant alikaa huko miezi kadhaa peke yake, hana jeshi wala ndugu wa damu, akatunzwa hata akaweza kuondoka. Speke naye aliongozwa na watu wa Kabaka tangu mpakani, akalishwa kwa amri ya Kabaka kila kijiji, na asingeweza kupinda njia hata akitaka. Alifika mbele ya Mutesa Februari 1862, na hakupewa ruhusa kuondoka hata Julai. Hivyo ndivyo ilivyokuwa desturi ya Buganda: mlango wa kuingia ulikuwa na bawabu, na mlango wa kutoka ulikuwa na bawabu mkubwa zaidi.

Msimulizi wa leo hupenda kupita haraka juu ya nchi zilizokataa. Burundi ilikuwa karibu sana na Ujiji, mtumbwi ulifika kwa siku chache, na ufukoni wafanya biashara walikuwa na maskani yao. Lakini Mwami Mwezi Gisabo, aliyetawala hata kufa kwake mwaka 1908, hakuwafungulia milima. Muhammad bin Khalfan, yule aliyejulikana zaidi kwa jina la Rumaliza, aliyekuwa na nguvu kubwa Ujiji na ng'ambo ya ziwa, alijaribu kuingia kwa silaha, akarudishwa nyuma. Rwanda nayo ilikuwa vivyo hivyo. Nchi ile ilipoona mgeni aja na bunduki, haikumtambua kuwa mgeni. Ndiyo sababu Uislamu katika nchi hizo mbili ulianzia ufukoni na katika vituo vya biashara, wala haukupanda milimani mapema kama ulivyopanda Buganda, ambako Mutesa mwenyewe alifunga Ramadhani kuanzia mwaka 1867.

Mahali ambapo hapakuwa na mfalme mkubwa wala Mwarabu mwenye nyumba, watu walijitengenezea udugu. Njia moja ilikuwa kuchanjiana. Watu wawili walichanjwa, damu ya mmoja ikaonjwa na mwingine, wakaapizana kwamba atakayemsaliti mwenziwe apatwe na mabaya. Maulamaa hawakukipenda kitendo hiki, nao wana hoja, kwa kuwa damu ni haramu bila shaka yo yote. Hata hivyo wasafiri wengi wa Kiislamu walikifanya, wengine wakimweka mtumishi wao achanjwe kwa niaba yao. Stanley, aliyepigana na Mirambo wa Urambo mwaka 1871 akafukuzwa pamoja na Waarabu wa Tabora, alikutana naye tena Aprili 1876, wakachanjiana udugu, na baada ya siku ile hakuwa na hofu katika nchi yake.

Njia ya pili ilikuwa bora zaidi, wala haikuwa na haramu ndani yake, nayo ni utani. Wanyamwezi waliposhuka pwani kila mwaka, na watu wa pwani walipopanda, ulitokea utani kati yao, hasa na Wazaramo. Wageni wa nyakati hizi huuona utani kuwa mzaha na matusi ya kuchekesha. Katika njia ya bara ulikuwa mkataba. Mtani aliingia nyumbani kwa mtani wake akala bila ya kuombwa malipo. Alichukua kitu kidogo asishitakiwe kuwa ni mwizi. Alipougua alikuwa na wa kumchemshia uji, na alipokufa alikuwa na wa kumchimbia kaburi. Hili la mwisho ndilo lililokuwa zito. Hofu kubwa ya msafiri haikuwa simba wala homa; ilikuwa kufa mahali ambapo hakuna atakayemwosha, akabaki kando ya njia akaliwa na fisi. Mnyamwezi aliyefia uzaramoni alizikwa na watani wake, na Mzaramo aliyefia unyamwezini hali kadhalika, na watani wakafanya mzaha wao hata juu ya kaburi, bila ya mtu kuudhika.

Haikuwa hivyo kwa kila mtu. Ndui ilitembea pamoja na misafara, na mpagazi aliyeshikwa nayo aliachwa porini na kibuyu cha maji ikiwa wenzake walikuwa na huruma. Dini imekataza watu kuingia katika nchi yenye tauni na kutoka ndani yake, lakini misafara haikusimama kwa ajili ya ugonjwa, na mara nyingi vijiji vilivyowapokea wageni kwa wema vililipwa ndui. Tena, katika njia hiyo hiyo ya kirangozi na bendera, walishuka watu ambao hawakuwa na amiri wala mwenyeji, wana minyororo shingoni. Si haki kusimulia usalama wa wasafiri na kuwaficha hao. Wengi walikuwa wametekwa katika vita vilivyochochewa na bunduki zilizoletwa na wafanya biashara, na baadhi ya waliowanunua walikuwa Waislamu walioswali swala zao barabara. Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Utumwa wenyewe haukuondolewa katika sheria za Unguja hata mwaka 1897. Katika watoto waliochukuliwa hivyo mmoja alikuwa Myao, akauzwa na kupelekwa Bara Hindi. Bwana wake alipokufa akawa huru, akarudi Unguja. Ndiye Sidi Mubarak Bombay, aliyewaongoza Burton na Speke, kisha Speke na Grant, kisha Stanley, na mwishowe Cameron, ambaye alitoka Bagamoyo mwaka 1873 akafika bahari ya magharibi mwaka 1875. Hakuna Mzungu hata mmoja kati ya hao aliyetembea njia za bara kiasi alichotembea yeye. Aliaga dunia mwaka 1885.

Amani ya njia ilivunjika pale wageni waliposahau kwamba ni wageni. Waarabu wa Tabora walianza kuingia katika ugomvi wa kiti cha Unyanyembe, wakamwondoa mtemi huyu na kumsimika yule. Mirambo alipopata nguvu akadai hongo kama watemi wengine, wakaona ni dharau. Vita vikawaka mwaka 1871, Agosti ya mwaka ule Tabora ikachomwa moto, na sheikh mashuhuri Khamis bin Abdullah akauawa. Njia ya Ujiji ikafungwa, bei ya pembe Unguja ikapanda, na misafara ikazunguka kusini kwa majuma mengi ya nyongeza.

Katika siku hizo za taabu ilipita safari moja isiyokuwa na mfano. Livingstone alifariki Mei 1, 1873, katika kijiji cha Chitambo, nchi ambayo sasa ni Zambia. Watu wake, wakiongozwa na Susi na Chuma, waliukausha mwili wakauchukua hata pwani. Hapakuwa na Mzungu wa kuwaamuru, na kuchukua maiti katika nchi za watu kulikuwa hatari, kwa kuwa vijiji viliogopa na vingeweza kuwazuia au kuwapiga. Walipofika Kasekera, mbele ya Unyanyembe, wakaona watu wamekataa kabisa, walitengeneza tita lililofanana na maiti wakatangaza kwamba wamebadili shauri na wanalirudisha likazikwe. Mwili wenyewe waliufunga upya kwa nguo, kwa umbo la mtumba wa kawaida, wakaupitisha kati ya mitumba mingine. Februari 1874 waliuweka chini Bagamoyo. Watu wale walijua kila sharti la njia, nani wa kuombwa, nani wa kulipwa na wakati gani wa kunyamaza, na elimu yao ndiyo iliyomrudisha mtu wao kwao.

Wajerumani walipoishika nchi, hongo ilikufa, na kodi ikaja mahali pake. Reli iliyoanzwa Dar es Salaam mwaka 1905 ilifika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, mwendo mfupi tu toka Ujiji. Safari ya miezi ikawa ya siku. Wapagazi walipungua, kirangozi akakosa kazi, Bagamoyo ikanyamaza. Ugogo ile, iliyowachukua watu majuma ya kusimama na kuhesabu doti, sasa garimoshi liliipita usiku, na abiria wengi walikuwa wamelala.